Mtani Aliyelia

Kijana aliyetumwa kunifidia alikuwa na meno mazuri sana, na aliyatumia yote.

"Shikamoo, mama. Karibu Idara ya Ufikaji. Naitwa Ambakisye, leo mimi ndiye nitakayekuhudumia."

"Marahaba," nikasema. "Idara ya nini?"

"Ya Ufikaji, mama."

Watu wa Reli ya Mshale wana kipaji kimoja tu duniani, nacho ni kuvipa vitu majina. Treni yao ikikwama porini, wanasema inatafakari. Abiria akipiga kelele, wanamwita mshirika. Na ofisi ya watu waliocheleweshwa, ghorofa ya juu kabisa pale stesheni ya Pugu, wameiita Idara ya Ufikaji. Mtu mwenye haya hata kidogo hawezi kufanya kazi humo. Siku ya pili angejificha chini ya meza.

"Mimi sikufika," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuja kwenu."

"Tunajua, mama. Tutalirekebisha hilo."

Alilisema kama fundi bomba anayezungumzia koki inayovuja. Nikakaa. Kiti kikanipima uzito, kikajishusha, kikaniuliza kama mgongo unauma. Nikakiambia kinyamaze.

Nilikuwa nimekuja kudai kwa sababu ya mtu aliyeitwa Mihayo Kapaya. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, jina langu Sikudhani Pazi, mwalimu wa hesabu mstaafu. Mihayo alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, naye mwalimu wa hesabu, na kwa miaka yote tuliyofundisha shule moja hatukuwahi kusalimiana kwa adabu hata siku moja. Akiingia ofisini mimi humwuliza mzigo ameutua wapi, maana Mnyamwezi bila mzigo kichwani ni jambo la kutia shaka. Yeye huniuliza shamba gani nimeliuza jana nikachezee ngoma. Walimu wageni walikuwa wakidhani tunachukiana. Tulikuwa watani, kama babu zetu walivyokuwa watani tangu enzi za misafara, na utani ule ni undugu usiohitaji damu.

Mama yangu alipofariki, Mihayo alikuja na kufanya kazi ya mtani. Alijifunga kanga ya marehemu, akajitanda nyingine kichwani, akasimama kati ya waombolezaji akawagombeza kwa sauti ya mama yangu mwenyewe: nani amemwaga maji hapa, nani amekula nyama kabla ya wageni, na huyu Sikudhani analia nini wakati nikiwa hai hakuwa ananiletea hata dagaa. Nilikuwa sijala wala kusema tangu mama akate roho. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaanguka mkekani, na nilipoinuka nikaweza kuendelea kuishi. Siku ile nilimwambia, "Ukitangulia wewe, nitakuja kukuaibisha mbele ya ukoo wako wote." Akasema, "Ole wako usije."

Akatangulia. Mkewe, Kalunde, akanipigia simu kutoka Tabora: "Mtani wako amekwenda. Tunazika kesho mchana. Njoo na mdomo wako."

Nikapanda Mshale wa alfajiri. Treni hiyo haina dereva; ina akili iliyofungwa mbele mahali ambapo dereva angekaa, na wenye kampuni wanajigamba kwamba akili hiyo haijawahi kukanyaga hata kuku. Tulipopita Dodoma tukaingia nyika ya Saranda, ikasimama. Sauti tamu ikasema, "Mpendwa mshirika, treni yetu inatafakari."

Ilikuwa siku ya mawingu madogo madogo. Vivuli vyake vilikuwa vinavuka reli polepole, kimoja baada ya kingine, na ile akili tukufu ilikuwa imeviona ikadhani ni ng'ombe. Basi ikawangoja wavuke. Kivuli kimoja kikimalizika, kingine kinaingia. Mzee mmoja Mgogo aliyekaa karibu nami alichungulia dirishani, akatikisa kichwa. "Hata sisi," akasema, "hatujawahi kuwa na ng'ombe wengi hivi." Fundi wa Dar es Salaam aliongea na treni kwa redio, akaiapia kwamba njia ni nyeupe. Treni ikamjibu kwa upole kwamba yeye hayupo hapa. Mawingu yalipokwisha, jua lilikuwa limeshapinduka.

Nilifika Tabora watu wanaosha majembe. Kalunde alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Pale mlangoni, kwenye msumari, lilikuwa linaning'inia koti la kahawia la Mihayo, lile alilofundishia miaka yote. Mkewe alikuwa amenitundikia mimi. Kalunde hakunilaumu. Alisema tu, "Tulikungoja mpaka mchungaji akakasirika." Mihayo alikuwa ameteremshwa kaburini katikati ya sifa tupu, kama mkurugenzi.

*

"Kwa hiyo," nikamwambia Ambakisye, "fidia yenu ni ipi?"

Fedha walishaacha kulipa zamani. Fedha, wanasema, humkumbusha mtu hasara. Kijana akafungua kabati, akatoa kofia ya chuma iliyofanana na lile dude la saluni la kukaushia nywele.

"Mama, sisi hatulipi muda uliopotea. Tunalipa ufikaji. Ulikuwa ufike mazishini, hukufika. Tunakupa kumbukumbu ya kufika. Ukivua kofia hii utakumbuka ulishuka Tabora asubuhi, ulikwenda msibani, uliweka udongo kaburini. Harufu, jua, kila kitu. Utakumbuka na safari ilivyokuwa nzuri."

"Na ile nyika ya Saranda?"

"Saranda itakuwa mahali ulipopita umesinzia."

Nimefundisha watoto wengi waliokuwa wakipata jibu kwanza, kisha wanatengeneza hesabu ya kulifikia. Sikujua kwamba wamekua na kuanzisha kampuni.

"Sheria inataka mteja aonje kabla ya kukubali," akasema. "Onjo halikai. Likiisha unabaki na akili zako."

Nikaonja.

Nilikuwa Tabora, jua la mchana, udongo mwekundu. Hilo walilipata sawasawa. Kaburi lilikuwa wazi. Nilikuwa nimevaa gauni jeusi ambalo sijawahi kulimiliki, na mkononi nina shada la maua yaliyofungwa nailoni. Nilikuwa nalia. Nalia taratibu, kwa leso, kama mke wa balozi. Kisha nikasogea mbele ya watu nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Mwalimu Mihayo alikuwa kielelezo cha uadilifu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikarudi nyuma, nikasimama kwa adabu.

Nilijivua kofia nusura ning'oe na kilemba.

"Uadilifu? Mihayo? Mtu aliyekuwa akiiba chaki zangu anazificha soksini?"

"Mama, kama kuna marekebisho madogo..."

"Koti liko wapi?"

"Koti gani, mama?"

"Koti la marehemu! Mimi ni mtani wake. Navaa koti lake, naigiza mwendo wake, namtukana, nalala mbele ya jeneza nawazuia wasipite. Huyo mwanamke wenu wa leso ametoka wapi?"

Ambakisye aliuuliza ukuta kwa sauti ya chini. Ukuta ukajibu, nao una sauti tamu: "Vipengele vinavyomdhalilisha marehemu vimeondolewa kwa ajili ya faraja ya wafiwa."

Nikamgeukia kijana. "Wewe kwenu wapi?"

"Tukuyu, mama. Ila nimezaliwa Mbezi."

"Kwenu hakuna watani?"

Kwa mara ya kwanza meno yakafichika. "Babu alikuwa akisema wapo. Lakini kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba ni unyanyasaji wa kikabila wa zamani. Mfumo unaufuta wenyewe."

Ndivyo walivyo. Wanakuja na mashine inayoweza kuingia ndani ya kichwa cha mtu, na hawana hata mmoja aliyewahi kukaa msibani mpaka mwisho. Wangemwuliza mpika chai yeyote angewaambia.

"Basi sitaki," nikasema. "Andika kwamba nilichelewa. Hiyo ndiyo fidia yangu. Mtu mmoja wa kampuni hii anitazame usoni aseme, 'Sikudhani, tulikuchelewesha.'"

Hapo ndipo alipoanza kujipapasa kola.

"Mama, kuna jambo. Kumbukumbu ya mtu mmoja haishiki peke yake. Ukikumbuka ulifika, halafu kila unayekutana naye anasema hukufika, inabanduka kama rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye unyevu. Kwa hiyo tunaanza na waliokuwa wanakungoja. Na wao wamedhurika, mama. Walikungoja." Akameza mate. "Familia ya marehemu ilishapata yao. Mjane, watoto, mchungaji, majirani waliokaa karibu."

"Unasema Kalunde anakumbuka nilikuwepo?"

"Anakumbuka vizuri sana."

"Yule wa leso."

"Ndiyo, mama."

Kijana akadhani ukimya wangu ni mlango umefunguka, akaingia. Aliniambia abiria wenzangu wa siku ile wote wameshafidiwa. Mzee Mgogo anakumbuka alifika mnadani mapema. Kijana aliyekosa usaili wa kazi sasa anakumbuka aliufanya usaili, akajibu vizuri, wakamnyima. Na ameridhika, akasema Ambakisye, maana sasa anajua ni bahati tu. Nimebaki mimi. Nikikubali, Mshale wa siku ile utakuwa umefika kwa wakati, maana hatakuwepo binadamu hata mmoja anayejua vingine. Nikakumbuka lile bango kubwa pale chini stesheni: MSHALE HAUCHELEWI. Nilikuwa nimelidharau kama uongo wa kawaida wa biashara. Kumbe ni kweli. Wanaifanya kuwa kweli, kichwa kimoja kimoja.

"Na nikikataa?"

"Ni haki yako. Hakuna anayekulazimisha." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya kijana wa kawaida. "Lakini mama, fikiria mjane. Sasa hivi ana amani. Anajua mtani alikuja. Ukienda kumwambia hukufika, utakuwa umemzika mumewe mara ya pili, na mara hii pia bila mtani. Utamnyang'anya kwa faida ya nani? Yake, au yako?"

Nilitamani kumpiga kibao. Mwalimu anajua uchungu wa mwanafunzi mjinga aliyepata jibu sahihi kwa njia ya ovyo. Huwezi kumpa alama, na huwezi kumnyima.

"Mnaniachia muda?"

"Mpaka siku mtakayoweka msalaba, mama. Jua likizama siku hiyo, dai linafungwa."

*

Siku ya msalaba ndiyo siku msiba unapofungwa. Watu hurudi kaburini, msalaba husimikwa, watu hula, hutawanyika. Utani wa kaburini nao huishia hapo. Baada ya siku hiyo mtani akija na vituko vyake ataonekana mwendawazimu, na marehemu atabaki na sifa alizozikwa nazo.

Nikapanda Mshale tena. Mara hii ulikwenda kama risasi, kwa kunikomoa. Sauti tamu ikanikaribisha kwa jina na kunipongeza kwa kuwa mshirika wa siku nyingi. Tulipita Saranda mbingu ikiwa safi, nyika tupu, reli imenyooka mpaka macho yachoke. Hapo ndipo nilipokata shauri. Nitakaa kimya. Nitamwacha Kalunde na amani yake. Nitakula ugali wao, nitasimama kwa adabu kaburini kama yule mwanamke wa leso, na nikirudi Pugu nitaivaa kofia ile, yaishe. Nilijidharau kwa shauri hilo, lakini nilikuwa nalo. Mihayo amekufa, Kalunde bado anaishi. Hesabu ilikuwa inakubali.

Nilipofika nyumbani kwa marehemu, Kalunde alitoka mwenyewe kunipokea.

"Karibu, Mwalimu Sikudhani," akasema.

Mwalimu Sikudhani. Mwanamke huyu tangu aolewe hajawahi kuniita jina langu. Ananiita Mzaramo, ananiita mla dagaa, siku akifurahi ananiita mwizi. Akanivutia kiti, kiti cha mbao chenye mto, akaniweka pembeni peke yangu. Wanawake wengine walikuwa mkekani, wanachambua mchele, wanasimuliana. Akaniletea soda kwenye sinia, na bilauri. Akapiga goti kidogo aliponipa.

Mgeni mwingine angeona amepewa heshima. Mimi nilijiona nimefukuzwa.

"Kalunde," nikasema, "tangu lini mimi nakunywa soda kwa bilauri nyumbani kwako?"

"Wewe ni mgeni wetu, mwalimu."

Hakunitazama. Wale wa mkekani wakainamia mchele wao. Nikaiweka ile bilauri chini, nikamfuata jikoni uani. Alikuwa ameshika mwiko lakini sufuria haikuwa hata motoni.

"Sema," nikamwambia.

"Sina la kusema."

"Wewe? Mnyamwezi mwenye mdomo kama tarumbeta, huna la kusema?"

Akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Usianze sasa! Matusi yako umeyaleta leo ya nini? Siku yenyewe yalikuwa wapi?" Akautupa ule mwiko. "Nilikutundikia koti mlangoni. Ulipita karibu nalo hukuligusa. Ulikuja na gauni jeusi na maua ya nailoni. Ukalia. Ulilia kwa leso, Sikudhani, mbele ya ukoo wote! Ukasimama ukasema uadilifu. Shangazi yake Mihayo alinitazama akaniuliza, 'Mtani wenu ana nini nanyi?' Nikakosa jibu."

Niliinama nikauokota ule mwiko.

"Mtani akija akalia," Kalunde akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "huyo amevunja utani. Wazee wote wanajua. Anakuwa na kisa na maiti. Nimekaa siku zote hizi najiuliza ni kisa gani. Wewe na Mihayo mlifanya kazi pamoja huko Kisarawe miaka na miaka, mimi niko huku nalea. Nimejiuliza. Alikukosea? Alikufanya nini? Kama kuna jambo niambie leo kabla msalaba haujasimama, nijue niliishi na mtu gani."

Hivyo ndivyo Reli ya Mshale ilivyokuwa imemfariji. Wamemchukua mwanaume aliyempenda mke wake na kuiba chaki, wamempaka uadilifu, na kwa adabu yao ya kijinga wamemwachia mjane wake shaka ambayo angezeeka nayo. Kama ningeivaa ile kofia kabla ya safari hii, hata mimi ningekuwa nakumbuka nililia, na nisingejua kwa nini. Tungekaa wanawake wawili jikoni, kila mmoja anamshuku marehemu.

"Kalunde," nikasema. "Sikufika."

"Nini?"

"Siku ya mazishi sikufika. Treni ilikwama nyikani, inangoja vivuli vya mawingu vivuke. Nimefika jioni mnaosha majembe. Ukaniambia mliningoja mpaka mchungaji akakasirika."

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Nilikuona kwa macho yangu haya."

"Hilo gauni jeusi, umewahi kuliona tena? Mimi nina gauni jeusi? Mimi, Mzaramo, nishike maua ya nailoni?"

"Nilikuona, Sikudhani."

"Baada ya mazishi, hawakuja watu hapa na kofia ya chuma?"

Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye kilemba, ukagusa pale juu ya sikio.

"Walikuja," akasema. "Vijana wenye meno mazuri. Walisema ni faraja kwa wafiwa, haina maumivu. Nilikuwa nimechoka. Sikumbuki niliwajibu nini." Akatikisa kichwa, kisha akakitikisa tena kwa nguvu. "Lakini nakuona. Hata sasa nikifumba macho nakuona umesimama pale na leso. Siwezi kuitoa. Nikuamini wewe au nikiamini kichwa changu?"

Sikuwa na ushahidi. Wote waliokuwepo wanamkumbuka yule mwingine. Ningeweza kumsimulia Saranda mpaka kesho, naye angebaki na yule mwanamke wangu wa nailoni amesimama kati yetu.

"Usiniamini," nikasema. "Nipe koti."

*

Msalaba ulikuwa umelazwa pembeni ya kaburi, wa mninga, na jina lake limechongwa vizuri. Mchungaji wa Moraviani, mtu mnene mwenye sauti nene, alikuwa ameshaanza. Alikuwa amefika kwenye uadilifu. Kumbe neno lile lilikuwa limemwingia na yeye.

Nilitokea nyuma ya umati nimevaa koti la kahawia, mikono yake inanifika vidoleni, nimepinda mgongo upande wa kushoto kama alivyokuwa akipinda, na chaki nyuma ya sikio. Nilipita katikati yao kwa mwendo wa Mihayo, ule wa kuburuza kiatu kimoja. Mtu akaguna. Nikasimama kichwani pa kaburi, nikakohoa kikohozi chake.

"Nani anayepiga kelele darasani?" nikasema kwa sauti yake. "Wewe mnene! Ndiyo, wewe mwenye kola! Uadilifu ni nini? Fafanua! Huwezi? Kaa chini!"

Mchungaji akafunga Biblia. Sikumwachia nafasi.

"Na nyinyi Wanyamwezi, huo ndio umati? Nimekufa mimi, mwalimu mkubwa, mnakuja kumi na nusu kama foleni ya zahanati! Huyo nusu ni shangazi, maana nusu yake nyingine imesinzia!" Shangazi akashtuka, akashika mdomo. "Mmenizika na nini? Mmenizika na sifa! Mimi niliyekuwa naweka jani moja la chai kwenye birika la watu wanane, halafu nalianika kesho nalitumia tena! Mimi niliyemwambia mke wangu naleta zawadi kutoka pwani, nikamletea boksi la chaki! Na chaki zenyewe za wizi!"

Kuna mtu alicheka, nyuma kabisa, kwa pua. Mwingine akamfuata. Nikavua kiatu kimoja nikakipigapiga juu ya ule udongo kama mwalimu anayeamsha mwanafunzi.

"Mihayo!" Sasa ilikuwa sauti yangu, na sikuwa nimepanga iwe hivyo. "Mihayo Kapaya! Umelala nini mchana? Tangu lini mpagazi akalala katikati ya njia? Nani kakuruhusu utue mzigo? Mzigo huu nitaubeba mimi, Mzaramo, na shingo hii ya kuchezea ngoma? Inuka, mvivu mkubwa wewe! Unatuaibisha wageni!"

Simu ilitetemeka mfukoni mwangu, chini ya koti. Nikaitoa. Sauti tamu ikasema mbele ya watu wote, "Mpendwa mshirika, ofa yako ya ufikaji inaisha leo jua likizama. Sema ndiyo."

"Sikufika!" nikaipigia kelele. "Nilikuwa Saranda, nachunga ng'ombe wenu wa hewani!" Nikaitupa kaburini kwenye udongo laini, nikaifukia kwa ule mguu wenye kiatu, nikiburuza kama Mihayo.

Na hapo Kalunde akacheka. Kilianza kama kikohozi. Akajaribu kukizuia kwa kanga, kikamshinda, akainama, akashika magoti, akacheka mpaka wanawake wawili wakamshika kwapani wasijue kama analia. Alikuwa anafanya yote mawili. Akawatoka mikononi, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanikamata kola ya lile koti kwa mikono yote miwili, na kunitazama uso wangu kutoka karibu sana, kwa muda mrefu, kama anayelinganisha watu wawili.

"Huyu ndiye," akawaambia watu bila kugeuka. "Yule wa siku ile simjui." Kisha akanitikisa kwa ile kola, kwa nguvu, machozi yanamwagika. "Umechelewa, Mzaramo mwizi we! Tumekungoja! Umechelewa!"

"Nimechelewa, wifi," nikamwambia. "Nimechelewa sana."